Rejeta barazani: kompyuta yangu ya maji, Ipagala, Dodoma

Wanaonipigia simu kuuliza habari ya kompyuta yangu inayopozwa kwa maji nawajibu wote hapa kwa mpigo. Ndiyo, mfumo wa maji niliofungiwa kwenye kompyuta unafanya kazi. Ndiyo, ni ghali. Na wengi wenu mnaotaka kucheza gemu jioni mkitoka kazini hamkihitaji kitu hiki hata kidogo. Nunueni kipoza cha hewa kikubwa, kama Noctua NH-D15, fungeni, mlale usingizi. Mimi nimelipia maji kwa sababu ya kazi, na zaidi kwa sababu ya vumbi.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba na kutengeneza picha zake za 3D. Tangu Dodoma ipandishwe kuwa jiji mwaka 2018, mtu aliyenunua kiwanja Nzuguni au Ilazo haridhiki tena na mchoro wa karatasi. Anataka aione sebule yake jua likiingia dirishani kabla hajanunua mfuko wa kwanza wa saruji. Picha moja ya namna hiyo inaifanyisha mashine kazi ya saa nzima bila kupumua, na mteja akitaka video ya kuizunguka nyumba, inakesha. Mashine yenyewe ni Ryzen 9 5950X, prosesa ya kori 16, pamoja na kadi ya grafiki RTX 3080 ambayo peke yake inakula wati 320. Zikifanya kazi zote mbili kwa nguvu, wati 450 na ushee zinageuka joto ndani ya chumba changu.

Chumba chenyewe kina bati juu na dari ya jipsamu, dirisha moja. Oktoba, saa tisa alasiri, hata bila kompyuta humo ndani pana nyuzi 32 au 33. Kabla ya maji, kadi ilikuwa inapanda hadi 83 na kuanza kujipunguzia kasi, memori zake zikikaribia 110, prosesa nayo ikigota kwenye 90, ambayo ndiyo kikomo chake. Feni zilipiga kelele mpaka mteja akanikatisha kwenye simu: "Dada, uko mashineni unasaga?"

Halafu kuna vumbi. Aliyekaa Dodoma kuanzia Juni hadi Septemba hahitaji kusimuliwa habari ya ule upepo. Vumbi letu ni laini, linapita kwenye vichujio vya keisi kana kwamba havipo, na likishafika kwenye mapezi ya kadi ya grafiki linashikana na kuwa kama blanketi. Kulitoa ni lazima ufungue kadi yenyewe, skrubu ndogo moja baada ya nyingine, uondoe pesti ya kupitisha joto, upake upya, huku roho iko mkononi kwa sababu kadi ile ina thamani ya pikipiki iliyotumika.

Sasa, hapa ndipo wauzaji wanapodanganya watu. Wanasema maji yanaua joto. Maji hayaui joto, yanalibeba tu kutoka hapa kwenda pale. Maji ya mfumo wa namna hii hayawezi kamwe kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, ile ya mapezi na feni inayoyatoa joto maji, kama ya gari. Chumba kikiwa na nyuzi 33, maji nayo yataanzia 33 kwenda juu. Ukifunga rejeta ndani ya keisi, keisi ikiwa ndani ya chumba, joto lote linarudi kukukalia wewe mwenyewe, na vumbi linaingia palepale lilipokuwa linaingia zamani. Nimeona watu wametumia fedha nyingi kwa mpangilio huo, wameweka na taa za rangi, halafu wanashangaa mbona tofauti ni nyuzi chache tu. Faida halisi ya maji ni kwamba joto likishaingia kwenye mpira wa maji unaweza kulipeleka unakotaka. Mimi nililipeleka barazani.

Fundi wangu ni kijana wa Area C. Jina lake nimeliacha kwa sababu hakunipa ruhusa kulitaja, na sitagawa namba yake hapa. Kazi yake ya kila siku ni laptopu na printa za maofisini, ila maji anayajua. Siku ya kwanza alipofika aliamkia, nikamkaribisha maji ya kunywa, nikamweleza ninachotaka. Akacheka.

"Nje kabisa, dada? Kama AC?"

"Kama AC, mdogo wangu."

Akanyamaza. Akatoka, akaweka kiganja ukutani upande wa magharibi, jua likiwa kali, akautoa upesi. Akazunguka upande wa mashariki, akaweka tena, akakiacha pale kwa muda. "Hapa," akasema. "Asubuhi jua litapiga, lakini asubuhi hewa bado ya baridi. Kuanzia mchana ni kivuli." Kwa hatua hiyo moja tu nilijua nimempata mtu anayefikiri. Wengine niliowauliza kabla yake walianza na rangi ya taa.

Alinichorea kwenye daftari njia ya maji. Tangi dogo lina pampu chini yake. Maji yanatoka kwenye pampu, yanapita kwenye bloki ya prosesa (kipande cha shaba kinachokaa juu yake, chenye njia za maji ndani), yanaingia bloki ya kadi ya grafiki, yanatoka kupitia ukutani, yanapita kwenye rejeta mbili, yanarudi kwenye tangi. Nilimuuliza kama si vizuri yapoe kwanza kabla ya kufika kwenye kadi. Akaniambia utaratibu wa lazima ni mmoja tu: tangi litangulie pampu na likae juu yake, ili pampu isizunguke kavu hata sekunde moja, maana maji hayo hayo ndiyo yanayolainisha beringi zake. Mengine yapange mpira unapokaa vizuri. Nilipiga hesabu baadaye nikaona yuko sahihi: maji yakizunguka lita 3 kwa dakika na kubeba wati 450, tofauti kati ya yanayoingia na yanayotoka ni kama nyuzi 2 tu.

Kwenye vifaa ndiko nilikokutana na adha. Rejeta mbili za urefu wa milimita 360 niliziagiza duka moja la Kariakoo, muuzaji akaapa ni za shaba. Zikapandishwa basi, nikazichukua stendi ya Nzuguni. Fundi alinyanyua boksi moja, hata hajalifungua, akasema, "Hii nyepesi." Akalifungua, akatoa kizibo cha plastiki, akachukua pini akakwaruza ndani ya nyuzi za skrubu. Ikabaki alama nyeupe. Shaba ingetoa wekundu, na shaba nyeupe, ile ya fitingi nyingi (viungio vya mipira), ingetoa umanjano. Hiyo ilikuwa alumini.

Kwa asiyejua, hilo si jambo dogo. Bloki nzuri ni za shaba iliyopakwa nikeli. Ukiziunganisha na alumini kwenye maji yale yale umetengeneza betri bila kutaka: alumini inaliwa polepole, maji yanachafuka, unga unaziba zile njia nyembamba za ndani ya bloki, na mwisho rejeta inatoboka. Muuzaji kwenye simu akaniambia "rejeta ni rejeta, dada, hata gari lako lina ya alumini." Gari langu lina mfumo ulioundwa kwa alumini toka mwanzo na kulanti yake maalumu. Alinirudishia nusu ya fedha baada ya mvutano, na nusu nyingine ameila. Ukinunua mitaani, nenda na pini.

Basi rejeta, pampu na bloki zote tukaagiza nje kupitia wakala wa mizigo. Pampu ni ya aina ya D5 yenye tangi lake, na ndiyo kifaa ninachokipenda kuliko vyote: haina kelele ukiishusha mwendo, na kwa nguvu zake zote haizidi wati 23 hivi. Rejeta za safari hii ni za shaba, na fundi alisisitiza zile zenye mapezi yaliyoachana. Mapezi yaliyobanana yanapoza vizuri maabara. Dodoma yanageuka kichujio cha vumbi. Mpira alikataa kabisa ule wa plastiki unaoonyesha maji ndani, ingawa mimi niliutamani, kwa kuwa plastiki hiyo hutoa kemikali za kulainishia zinazoganda kwenye bloki na mpira wenyewe unakuwa na ukungu. Tumetumia mpira mweusi wa EPDM, upana wa ndani milimita 10 na wa nje 16. Haupendezi, ila hauna maneno.

Maji. Hapa sikilizeni vizuri. Maji ya bomba ya kwetu yanaacha ukoko mweupe kwenye birika, na chochote kinachoganda kwenye birika kitaganda kwenye bloki. Hata ya chupa ya dukani yana madini, tena wanajisifia kwenye lebo. Yanayotakiwa ni maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyoondolewa madini, na Dodoma yanapatikana kirahisi kwenye maduka ya vipuri vya magari kwa jina la maji ya betri. Soma chupa. Duka hilo hilo, rafu hiyo hiyo, chupa inayofanana, wanauza tindikali ya betri, na muuzaji ukimwambia tu "nipe ya betri" anaweza kukupa yoyote. Fundi alimimina kidogo kwenye kijiko cha chuma akakiweka juu ya jiko mpaka maji yakakauka. Kijiko kikabaki safi, hakuna alama. Ndipo akachanganya na dawa ya kuzuia kutu na ukoga, tuliyoagiza pamoja na pampu. Mfumo mzima, na mipira yake mirefu, umemeza lita moja na robo hivi.

Siku ya kufunga nilikaa naye mwanzo hadi mwisho, na ninachowashauri mkitazame kwa macho yenu ni jaribio la uvujaji. Hakuanza na maji. Alifunga mashine yote ikiwa kavu, akaunganisha kipimo chenye pampu ya mkono, akajaza upepo mpaka sindano ikafika shinikizo la nusu baa, akakaa kitako. Sindano ikashuka. Polepole sana, unaweza kudhani macho yanakudanganya, ila ilishuka. Akapaka povu la sabuni fitingi moja moja kama wanavyofanya wa mitungi ya gesi, na ile ya pili kwenye rejeta ya chini ikatoa kapovu kadogo kanakokua na kupasuka, kanakua na kupasuka. Akaifungua: pete yake ya mpira ilikuwa imejikunja. Akaikalisha sawa, akajaza upepo tena. Tulikunywa chai, tukala na maandazi, tukarudi, sindano haijasogea hata unywele. Angeanza na maji, tone lile lingeangukia barazani bila madhara, nakubali, lakini pete ya namna hiyo ikiwa juu ya kadi ya grafiki ni habari nyingine.

Kujaza nako kuna ujanja. Mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, haikupewa umeme. Alichomoa nyaya zote za pawa saplai, akabakiza ya pampu tu, kisha kwenye ile plagi kubwa ya pini 24 akaunganisha waya wa kijani na mweusi kwa kipande cha klipu ya karatasi. Hiyo inaidanganya pawa saplai iwake bila kompyuta. Tangi likishuka anazima, anaongeza, anawasha. Pampu ilikoroma mwanzoni kwa sababu ya hewa. Akawa anailaza keisi kushoto, kulia, nyuma, mapovu yakawa yanarudi tangini kwa vishindo. Kukoroma kulipoisha nilidhani pampu imekufa. Ilikuwa inazunguka kimya.

Ukuta tulitoboa kwa mashine, tukapitisha bomba la plastiki la inchi 2 kama ala ya mipira na nyaya za feni, ncha zote mbili zikazibwa kwa wavu wa chuma. Wavu ni kwa ajili ya panya. Panya akionja mpira mmoja tu, biashara imeisha. Nje, mzee mmoja wa kuchomelea hapa Ipagala alitutengenezea kizimba cha nondo nyembamba chenye mlango, kofuli na paa dogo la bati la kuzuia mvua, kwa shilingi 150,000. Alipoona rejeta aliigonga kwa kidole akasema, "Mama, hii shaba. Weka kofuli mbili." Ana haki. Wanunuzi wa chuma chakavu hawapo mbali, na shaba ina bei. Nimeweka mbili.

Matokeo sasa. Mchana wa joto, baraza likiwa na nyuzi 30, mashine ikifanya kazi kwa nguvu zote kwa saa kadhaa, maji yanatulia kwenye 38 au 39. Kadi ya grafiki 51, memori zake chini ya 80, prosesa 71. Usiku, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo Dodoma inashuka hadi nyuzi 14 au 13, namba zinakuwa za kuchekesha, kadi inafanya kazi kwenye thelathini na kitu. Kuna walioniuliza kama maji yakiwa baridi hivyo mashine haitatoa jasho kama chupa ya soda. Haitoi, kwa sababu ile ile niliyosema juu: jasho linataka kitu kilicho baridi kiasi cha kugeuza unyevu wa hewa kuwa matone, na maji haya hayashuki chini ya joto la hewa ya barazani. Ingekuwa ni AC ya kweli, hapo sawa.

Jambo moja mnaolinganisha na namba za majaribio ya Ulaya mlikumbuke: Dodoma iko mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10. Feni ileile ikizunguka kasi ileile inasukuma hewa pungufu. Ndiyo maana fundi aliniambia ninunue rejeta mbili hata pale hesabu ya mtandaoni ilipodai moja inatosha. Kwa rejeta mbili, feni sita zinazunguka taratibu, na kasi yake inafuata joto la maji, si la prosesa. Prosesa inaruka nyuzi 20 ukifungua faili tu. Maji yanapanda polepole, kwa hiyo hakuna feni inayoshtuka na kunyamaza na kushtuka tena.

Kasi imeongezeka? Kidogo. Picha iliyokuwa inachukua dakika 60 sasa inachukua 55 hivi. Atakayekuambia inaongezeka mara mbili anakuuzia kitu. Nilichokipata ni ukimya, chumba chenye joto la binadamu wakati wa kazi, na keisi iliyozibwa karibu yote. Nimebakiza feni moja ya mwendo mdogo yenye kichujio, kwa ajili ya mazabodi, ramu na diski, ambazo maji hayazifikii. Vumbi sasa linakaa kwenye rejeta nje, nazipuliza kwa bloa kila Jumamosi nikifagia baraza, na sifungui kitu.

Bei. Pampu na tangi 480,000. Bloki ya prosesa 290,000, ya kadi 520,000. Rejeta mbili 460,000, feni sita 270,000. Fitingi, vitu vidogo vinavyonyonya fedha kimyakimya, 264,000. Mpira na dawa 120,000. Wakala, ushuru na VAT ya asilimia 18 vilifika 600,000. Fundi 300,000, kizimba nimeshataja. Ni karibu milioni 3 na nusu, bila kuhesabu nusu niliyoachia Kariakoo. Kwa fedha hiyo unafunga AC na inabaki chenji, ila AC nayo ingekula umeme wake na isingeondoa vumbi kwenye kadi.

Fundi nampa nne kati ya tano. Ufundi ni tano kamili: aliweka hata ulinzi wa pampu kwenye mazabodi, ikisimama mashine inajizima yenyewe, na umeme ukikatika vyote vinazima pamoja kwa hiyo hakuna kinachoungua. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya "nipo njiani, dada." Akikwambia yupo njiani, bado hajaoga. Nyaya za nyuma pia alizifunga ovyo, nimezipanga mwenyewe kwa vibanio, na risiti aliandika kwenye karatasi ya daftari mpaka nilipomgomea.

Kwa atakayemtumia: mlipe nusu mwanzoni na nusu baada ya sindano kutulia mbele ya macho yako. Na mwambie tangu siku ya kwanza aweke fitingi za kuchomoa haraka, zile zinazojifunga zenyewe, mahali mipira inapotoka kwenye keisi. Mimi sina, na nikitaka kuhamisha meza lazima maji yamwagwe yote. Zinaongeza kama 150,000. Nimeshaagiza, atazifunga akija kubadilisha maji, akishafika kutoka huko njiani.